Kiyeyushi ndani ya lami na mafuta mazito: kinavyopenya, na kinachombadilikia mwenye mzigo

KAMPALA – Anayeingia Kikuubo asubuhi akitokea Barabara ya Ben Kiwanuka na kutokea upande wa Nakivubo atakuwa amepita, bila kujua, katikati ya maabara ndogo ya mafuta. Katoni za mishumaa ni nta ya parafini. Makopo ya jeli ya kujipaka ni mafuta ya petroli yaliyoganda. Rangi ya viatu ni nta iliyolainishwa kwa tapentaini au kiyeyushi cha jamii hiyo. Thina ya rangi na mafuta ya taa yako hatua chache mbele. Bidhaa hizi zote zinapakiwa kila siku kwenda Juba, Goma, Bunia na Kigali, na wanaozipakia ni wenzetu wasomaji wa ukurasa huu.

Makala hii inahusu jambo moja linalozikutanisha bidhaa hizo na biashara kubwa zaidi ya lami na mafuta ghafi: namna kiyeyushi chepesi kinavyoingia ndani ya mafuta mazito. Wahandisi wa Kanada wamelitafiti kwa miongo mingi kwa sababu ndiyo njia mojawapo ya kuyatoa mafuta mazito ardhini. Kwa msafirishaji wa hapa kwetu lina sura nyingine. Kiyeyushi kikishaingia katika lami, mzigo unabadilika nambari ya forodha, unabadilika daraja la hatari, na mara nyingine unakataliwa na mkandarasi baada ya kusafiri kilomita 1,170 kutoka Mombasa.

Anza na kopo la rangi ya viatu

Chukua kopo la rangi ya viatu lililokauka hadi likapasuka. Mimina juu yake mafuta ya taa kidogo, funga kifuniko, liache hadi kesho. Ukifungua utakuta juu pamelainika kama siagi, lakini ukichomeka kijiti hadi chini unakuta pale pale pagumu pa jana. Hujakosea kipimo. Kiyeyushi kimefanya kazi yake, ila kinatembea polepole mno.

Mwendo huo wataalamu wanauita difyusheni, yaani usambaaji wa chembe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache bila kusukumwa na pampu wala kukorogwa na mtu. Kanuni yake iliandikwa na Mjerumani Adolf Fick mwaka 1855, na tokeo lake ni hili: umbali unaopenywa haukui sambamba na muda. Ukitaka kina mara mbili, subiri mara nne. Ukitaka kina mara kumi, subiri mara mia.

Ndiyo maana hesabu ya kichwani inawadanganya watu wengi. Mtu akiona kiyeyushi kimeingia milimita nne kwa siku moja, anafikiri baada ya siku kumi kitakuwa kimeingia sentimita nne. La. Kitakuwa kimeingia kama milimita kumi na tatu tu.

Tarakimu zenyewe ni hizi. Katika mafuta mazito na lami, kipimo cha usambaaji wa viyeyushi vyepesi kiko takribani kati ya sehemu moja ya bilioni kumi na sehemu moja ya bilioni ya mita mraba kwa sekunde. Kwa lugha ya sokoni, kwa siku moja kiyeyushi kinapenya kati ya milimita nne na milimita kumi na tatu. Kwa mwaka mzima, kati ya sentimita nane na sentimita ishirini na tano. Pipa la lami lina kimo cha karibu sentimita 90. Ukimwaga mafuta ya taa juu ya pipa la lami baridi na kungoja yafike chini yenyewe, utangoja miaka kumi kwa hesabu nzuri, na kwa hesabu mbaya utawarithisha wajukuu.

Mambo mawili yanabadilisha mwendo huo. La kwanza ni joto. Lami ikipata moto, mnato wake unashuka haraka sana, na chembe za kiyeyushi zinapata njia. La pili ni kiyeyushi chenyewe. Mahali kilipokwisha kuingia, lami imekuwa nyepesi, hivyo kiyeyushi kinachofuata kinapita kwa urahisi zaidi kuliko kilichotangulia. Kwa hiyo mpaka kati ya sehemu laini na sehemu ngumu haufifii taratibu kama chumvi katika maji. Unaweza kuwa mkali kiasi cha kuuhisi kwa kijiti. Juu uji, chini jiwe.

Kuna la tatu ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni nani yuko juu. Mafuta ya taa yana uzito wa karibu gramu 800 kwa lita, lami ni zaidi kidogo ya kilo moja kwa lita. Mafuta ya taa yakiwa juu, yatakaa juu. Hakuna kitakachoyasukuma kushuka isipokuwa usambaaji huo wa konokono. Yakiwa chini na lami ya moto ikamiminwa juu yake, mambo huwa mengine kabisa, na tutayafikia tukizungumzia matangi.

Wakanada wanavyoitumia konokono hiyo

Mkoa wa Alberta, Kanada, una mchanga uliojaa lami asilia katika maeneo ya Athabasca na Cold Lake. Ikiwa katika ubaridi wa ardhini, lami ya Athabasca ina mnato unaozidi ule wa maji mara milioni moja na zaidi. Haitoki kwa kuchimba kisima na kungoja. Iliyo karibu na uso wa nchi huchimbwa kama kokoto. Iliyo chini zaidi lazima ilainishwe hukohuko iliko.

Njia iliyoshinda ni mvuke. Mhandisi Roger Butler, akiwa na kampuni ya Imperial Oil, alibuni katika miaka ya 1970 utaratibu wa visima viwili vya mlalo, kimoja juu ya kingine. Cha juu kinaingiza mvuke, lami inapata joto na kutiririka kwa uzito wake yenyewe hadi kisima cha chini, kisha inapandishwa. Inafanya kazi, lakini inakula gesi na maji mengi kutengeneza huo mvuke.

Baadaye Butler, safari hii na mwenzake Mokrys, walipendekeza kuacha mvuke na kutumia kiyeyushi kilicho katika hali ya gesi, kama propani au butani. Hapa ndipo swali la kopo la rangi ya viatu linarudi. Ikiwa kiyeyushi kinapenya milimita chache kwa siku, utatoaje mafuta katika mwamba wenye unene wa mita kumi au ishirini?

Jibu lao ni kwamba kiyeyushi hakihitaji kupenya mbali. Kinahitaji kupenya kidogo tu, mahali papya kila wakati. Tabaka jembamba la lami likishalainika, linateleza kwenda chini kwa uzito wake. Likiondoka, nyuma yake inabaki sura mpya ya lami ngumu iliyo wazi, na kiyeyushi kinaanza tena. Chumba cha gesi ardhini kinapanuka kwa kumegwa hivyo hivyo, tabaka kwa tabaka. Usambaaji unafanya kazi ya karibu, mvutano wa dunia unafanya kazi ya mbali. Kila mama anayekwangua ukoko wa sufuria kwa maji anajua siri hiyo: maji yaliyotulia hulainisha polepole, lakini ukiuondoa ulaini wa juu na kumwagia tena, kazi inakwisha.

Pamoja na uzuri wa hesabu zake, kiyeyushi peke yake hakikuchukua nafasi ya mvuke. Sababu moja ni kasi: mwamba baridi hutoa mafuta polepole mno kwa mwenye mkopo wa benki. Ya pili ni kwamba propani na butani zikiingia kwa wingi katika lami, sehemu yake nzito kabisa, asfaltini, hujitenga na kuganda. Hilo lina faida, maana mafuta yanayotoka ni mepesi zaidi, lakini pia linaweza kuziba vinyweleo vya mwamba. Ya tatu ndiyo inayoeleweka upesi zaidi Kikuubo. Kiyeyushi ni ghali kuliko lami. Ukiingiza lita mia ardhini na zikarudi sitini, hasara ya arobaini ni yako. Biashara nzima inasimama au kuanguka kwa kiasi cha kiyeyushi kinachorudi.

Kwa hiyo waliokwenda mbele ni wale waliochanganya. Wanaingiza mvuke pamoja na kiasi fulani cha kiyeyushi, joto linapunguza mnato na kukiwezesha kiyeyushi kupenya upesi. Imperial Oil ilianza kuzalisha kibiashara kwa utaratibu wa namna hiyo huko Cold Lake mwaka 2024.

Lami ikishatoka, kiyeyushi kinahitajika mara ya pili, kwa kuwa haipiti katika bomba ikiwa baridi. Wakanada huichanganya na mafuta mepesi sana, kwa kawaida karibu asilimia 30 ya mchanganyiko, na yamewekwa mabomba mengine ya kuyarudisha mafuta hayo mepesi kule yanakochanganywa.

Je, mafuta ya Uganda yanahitaji kiyeyushi?

Swali hili wafanyabiashara wa hapa wamekuwa wakiulizana tangu mafuta ya Bonde la Albertine yathibitishwe mwaka 2006. Kama mafuta ni mazito na yanaganda, si mtu mwenye ghala la mafuta ya taa atapata soko Hoima na Buliisa?

Kwa maoni yetu hapana, na sababu zinafaa kufahamika kabla mtu hajakopa.

Mafuta ya Uganda si lami. Yanaganda kwa sababu yana nta nyingi, ile ile ya mishumaa, na hukoma kutiririka yanapopoa hadi karibu nyuzi 40 za Selsiasi. Katika hewa ya kawaida ya Kampala yanakuwa kama jeli ya kujipaka. Lakini yakipashwa joto yanatiririka vizuri, na chini ya ardhi, ambako kuna joto, yanaweza kupanda kisimani. Lami ya Athabasca ni ngumu kwa sababu ya molekuli zake kubwa na nzito. Ya Albertine ni migumu kwa sababu ya ubaridi. Hayo ni magonjwa mawili, na dawa ni tofauti.

Waliobuni Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, la kilomita 1,443 kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, Tanga, walichagua joto. Bomba lina upana wa inchi 24, limevikwa kizuizi cha joto na nyaya za umeme, na mafuta yanatakiwa kuwa na nyuzi 50 njia nzima. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022.

Kwa nini hawakuyachanganya na kitu chepesi? Tufanye hesabu yetu wenyewe, bila kudai kuwa ndiyo ya wahandisi. Uzalishaji wa kilele uliopangwa kwa Tilenga na Kingfisher kwa pamoja ni mapipa 230,000 kwa siku. Tuseme kila mapipa manne ya mafuta ghafi yangehitaji pipa moja la kulainishia. Hayo ni mapipa 57,500 kila siku, yaani zaidi ya lita milioni tisa. Kwa lori la lita 36,000 unahitaji zaidi ya malori 250 kila siku, Jumapili na sikukuu, kupandisha mafuta mepesi kutoka pwani hadi Hoima ili yashuke tena pwani. Hata mwenye malori angefurahi wiki ya kwanza tu, kabla barabara haijakwisha.

Zaidi ya hapo, kiyeyushi huyeyusha nta kukiwa na joto, lakini mchanganyiko ukipoa vya kutosha sehemu ya nta hujitokeza tena na kushika kuta za bomba.

Kenya ilionja jambo hili kwa malori. Kuanzia Juni 2018 mafuta ghafi ya Turkana, yenye nta pia, yalisafirishwa kwa barabara hadi Mombasa katika matangi maalumu yanayohifadhi joto, na shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ikauzwa nje Agosti 2019. Hakukuwa na kulainisha kwa kiyeyushi njiani. Kilichotegemewa ni joto. Mpango huo wa majaribio ulisitishwa baadaye, na mvua zilizoharibu barabara ya Turkana mwishoni mwa 2019 hazikuusaidia.

Mafuta yaliyo mazito kweli, ya aina ya Alberta, jirani yetu mwenye nayo ni Madagaska. Bemolanga kuna mchanga wa lami, na Tsimiroro kuna mafuta mazito ambayo yamejaribiwa kutolewa kwa mvuke. Huko ndiko somo la viyeyushi lingefaa zaidi kuliko Hoima. Kwa upande wetu wa Ziwa Albert, dalili za juu ya ardhi, kama mafuta yanayochuruzika Kibiro, zimeandikwa tangu enzi za mjiolojia Wayland katika miaka ya 1920, na kisima cha kwanza kilichimbwa Butiaba mwaka 1938. Mafuta yanayochuruzika hivyo hupoteza sehemu zake nyepesi hewani na kubaki kama lami. Huenda ndiyo yaliyowafanya wengi waamini kuwa chini pia ni lami.

Lami yenye mafuta ya taa ndani yake

Tuje kwenye mzigo ambao msomaji anaubeba kweli. Lami ya barabara inafika Mombasa na Dar es Salaam ikiwa katika mapipa, au katika makontena ya tangi yenye vifaa vya kupasha joto. Ile ya kawaida ni lami tupu. Nyingine ni lami iliyokatwa, yaani iliyochanganywa na mafuta ya taa kiwandani, na maarufu zaidi kwa wakandarasi wetu ni MC-30. Hii hunyunyizwa juu ya tabaka la changarawe au kokoto kabla ya lami yenyewe. Ni nyepesi, inapenya milimita kadhaa katika tabaka, kisha mafuta ya taa yanapotea hewani na lami inabaki imeshika.

Hapo unaona safari mbili za kiyeyushi: kuingia na kutoka. Zote mbili ni za polepole, na zote mbili zina kesi zake.

Kesi ya kuingia ni ya wale wanaochanganya wenyewe uani. Mtu ana lami tupu, mkandarasi anataka lami iliyokatwa, bei ni tofauti, basi anamwaga mafuta ya taa katika pipa, anakoroga kwa mti, anafunga. Juu ya pipa sampuli inaonekana nzuri. Mkandarasi anachovya juu, anakubali. Akifika katikati ya pipa, pampu inakwama. Ugomvi unaofuata hauhitaji kusimuliwa. Kiwandani kuchanganya hufanywa kwa lami ya moto, pampu za kuzungusha na vipimo vya joto, chini ya ulinzi wa moto. Joto na mzunguko vinafanya ndani ya tangi ile kazi ambayo mvutano wa dunia unafanya chini ya ardhi ya Alberta: kuondoa tabaka laini na kukipa kiyeyushi sura mpya. Mti wa kukorogea katika ua wa nyumba hauwezi, na moto wa kuni chini ya pipa lenye mafuta ya taa ni kuitafuta kaburi.

Kesi ya kutoka ni kinyume. Pipa la lami iliyokatwa ambalo halikufungwa vizuri hupoteza mafuta ya taa juani, na juu yake hujengeka ngozi ngumu. Mnunuzi wa Juba au Bunia akigusa ngozi hiyo hudhani pipa zima limekufa. Mara nyingi si kweli. Kiyeyushi kilichoko chini kinatoka kwa mwendo ule ule wa milimita, na ngozi yenyewe inakizuia. Kwa hiyo anayenunua na anayeuza wote wanadanganywa na sampuli ya juu, mmoja kwa kuona zuri lisilokuwapo, mwingine kwa kuona baya lisilokuwapo. Dawa ni moja: sampuli tatu, ya juu, ya kati na ya chini, zichukuliwe mbele ya pande zote mbili, zifungwe na kutiwa saini kabla ya kushusha. Kwa tangi, zichukuliwe baada ya mzigo kupashwa joto na kuzungushwa kadiri mwenye bidhaa anavyoelekeza.

Tangi lililobeba dizeli jana

Hili ndilo jambo ambalo tungependa kila dereva na taniboi wake alisome. Tangi lililobeba dizeli au mafuta ya taa huachiwa kiasi chini, katika mabomba na vali. Likijazwa lami ya moto yenye nyuzi 150, masalio yale yako chini, ni mepesi, na yanapata joto ghafla. Hayakai chini. Yanapanda, yanachanganyika, na sehemu yake inageuka mvuke katika nafasi ya juu ya tangi.

Lami tupu haishiki moto kirahisi. Joto lake la kuwaka, yaani kiwango ambacho mvuke wake unaweza kushika moto ukikutana na cheche, huwa juu ya nyuzi 230. Mafuta ya taa ni nyuzi 38 au zaidi kidogo. Kiasi kidogo cha masalio kinatosha kuishusha lami kutoka kundi la kwanza kuelekea la pili, huku lami yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 150. Mtu akifungua kifuniko cha juu na sigara mdomoni, au taa isiyo salama mkononi, habari inakuwa ya gazeti.

Hata pasipo moto, mzigo umeharibika. Lami huuzwa kwa daraja la ugumu, na masalio hayo huilainisha hadi ikatoka katika daraja lake. Maabara ya mkandarasi itaona.

Maji nayo ni adui, ingawa si kiyeyushi. Lita moja ya maji iliyosahaulika chini ya tangi inakuwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke ikikutana na lami ya moto, na lami yote inafoka kupitia kifuniko. Tangi likauke kabisa.

Na mzani usisahauliwe. Lita 36,000 za dizeli ni kama tani 30. Ujazo huo huo wa lami ya moto ni kama tani 34. Anayepakia kwa kuangalia mstari wa ndani ya tangi badala ya uzito atakutana na kikomo cha Jumuiya cha tani 56 pale mzanini.

Karatasi zinafuata kiyeyushi

Lami tupu ya petroli huingia chini ya kichwa cha forodha 2713. Ikishachanganywa na kiyeyushi ikawa lami iliyokatwa, inahamia 2715. Mafuta ya taa peke yake ni 2710, thina za rangi 3814, nta ya parafini na jeli ya petroli 2712, rangi ya viatu 3405. Kwa wakala wa forodha hizi ni tarakimu tu, lakini hati ikisema 2713 na sampuli ya Malaba, Mutukula au Elegu ikatoa harufu ya mafuta ya taa, lori linakaa uani na gharama za kukaa ni za mwenye mzigo.

Nambari za hatari za Umoja wa Mataifa nazo zinahama. Lami tupu iliyopoa katika mapipa haina bango. Ikisafirishwa ya moto, nyuzi 100 au zaidi lakini chini ya joto lake la kuwaka, ni UN 3257, daraja la 9. Lami iliyokatwa ni UN 1999, daraja la 3, yaani kimiminika kinachowaka. Bango la daraja la 9 juu ya mzigo wa daraja la 3 linawapotosha wazima moto kabla hawajafika, na linampa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa.

Kwa safari za kaskazini joto la njia lizingatiwe pia. Juba mwezi Februari na Machi mchana hufika karibu nyuzi 38, na chuma kilichoanikwa juani kinazidi hapo. Kwa MC-30 hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha joto lake la kuwaka. Pipa lililotulia kivulini Kampala si pipa lile lile likiwa wazi Nimule saa nane mchana.

Lori mseto la Kikuubo

Mwisho ni mzigo mdogo, unaopakiwa hapa kila jioni: madumu ya thina na mafuta ya taa nyuma, sukari, unga na sabuni mbele, turubai juu. Viyeyushi hivi husambaa ndani ya plastiki kama vinavyosambaa ndani ya lami. Dumu la kawaida la plastiki likikaa na thina siku nyingi hulainika, hutuna kidogo, na hupoteza uzito ingawa kifuniko kimebana na hakuna tone lililodondoka. Kilichopotea kimepita ukutani.

Kinakwenda wapi? Chini ya turubai, kwenye gunia la unga. Unga hunyonya mvuke huo na haurudishi upesi. Kuuanika siku moja hakuondoi harufu, kwa sababu zile zile za milimita kwa siku. Mnunuzi wa Goma akinusa atarudisha gunia zima, na ana haki. Thina iende katika makopo ya chuma yaliyozibwa kiwandani, isimame wima nyuma kabisa upande wa mlango, na chakula kipande gari jingine. Wapakiaji wa Kikuubo wanajua hivyo. Tatizo huanza saa kumi na mbili jioni, lori limebakiza nafasi ya katoni tano, na mwenye thina anasema anaongeza kidogo kwenye nauli.